Upeo wa Mwendo: Istilahi Moja na Safari Ndefu ya Gari la Umeme

Mfasiri mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea sentensi iliyomsumbua. Aliikuta katika waraka wa zabuni ya magari ya umeme, nayo ilikuwa fupi sana: jina la gari, tarakimu 470, na neno moja la kigeni ambalo kamusi humpa mtu uchaguzi wa umbali, masafa, upeo, eneo na hata safu ya milima. Yeye aliandika: "Gari hili huenda kilomita 470." Afisa aliyeipokea tafsiri hiyo aliisoma kama ahadi, akaanza kupanga ziara za ukaguzi wa mikoani kwa hesabu hiyo hiyo. Hapo ndipo mfasiri alipoingiwa na shaka.

Tuanze na kitenzi. "Huenda" katika Kiswahili lina kazi mbili: hueleza desturi, na pia hueleza jambo lisilo na hakika. Afisa alisoma maana ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa hatudhani kwamba mfasiri aliikusudia.

Yafaa kujua tarakimu kama hiyo hutoka wapi. Katika nchi za Ulaya hutokana na kipimo kijulikanacho kwa herufi WLTP, ambacho kilianza kutumika kwa aina mpya za magari mwaka 2017. Gari huwekwa ndani ya maabara, magurudumu yake yakizunguka juu ya mapipa ya chuma, katika joto la nyuzi 23 za Selsiasi, bila kipoza hewa wala kipasha joto. Mzunguko mmoja wa kipimo huchukua dakika 30 na kufikisha kilomita 23 na kitu. Kasi ya juu kabisa hupita kilomita 130 kwa saa, lakini kwa muda mfupi tu. Wastani wa mzunguko mzima ni kilomita 46.5 kwa saa. Kipimo hiki si cha uongo. Kimewekwa ili gari moja liweze kulinganishwa na jingine, na kwa kazi hiyo kinafaa. Kosa huanza pale mtu anapokichukua akaenda nacho safari.

Hapa msomaji aliyezoea gari la petroli hana budi kujihadhari, kwa kuwa mazoea yake yatampotosha. Gari la petroli hula mafuta mengi mjini, likapata nafuu likifika barabara kuu. Gari la umeme ni kinyume chake. Mjini mwendo ni wa polepole, na kila dereva anapopunguza mwendo mota hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya umeme betrini. Kwenye barabara kuu hakuna cha kurudisha, na adui mkubwa ni hewa. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi: dereva akitoka kilomita 90 kwa saa akafika 110, umeme unaotumika kuipasua hewa katika kila kilomita huongezeka kwa nusu nzima. Tena injini ya petroli hupoteza joto jingi, nalo hutumika bure kuwapasha abiria; gari la umeme huwapasha abiria wake kwa akiba ile ile ya safari.

Mahali pazuri pa kuyatazama mambo haya ni Norwei, ambako mwaka 2024 karibu magari madogo 9 katika kila 10 mapya yaliyosajiliwa yalikuwa ya umeme. Chama cha wenye magari cha nchi hiyo, NAF, huyachukua magari mengi kwa pamoja na kuyaendesha hadi betri ziishe kabisa, wakati wa baridi na wakati wa kiangazi. Katika jaribio la baridi la mwaka 2020, magari hayo kwa wastani yalipungukiwa na karibu sehemu moja ya tano ya kilomita zilizoandikwa katika hati zake.

Tuchukue safari ya kutoka Oslo kwenda Trondheim kwa barabara ya E6, yapata kilomita 500, ambayo hupanda milima ya Dovre hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Na tuchukue gari la mfano lenye betri ya kilowati-saa 75. Likitumia kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100, kama maabarani, litakwenda kilomita 470 hivi, na msafiri atadhani kwamba atakaribia kufika bila kusimama. Lakini katika baridi na kwa kasi ya barabara kuu tuseme linatumia 25. Upeo umekwisha kuwa kilomita 300. Wala dereva mwenye busara hasubiri betri ikauke. Huacha sehemu ya kumi kama akiba, kwa hiyo ana kilomita 270. Akisimama kuchaji hajazi hadi juu, kwa sababu betri inapokaribia kujaa hupokea umeme polepole sana. Wengi huondoka kituoni inapofika asilimia 80. Kutoka 80 hadi 10 ni kilomita 210 tu. Jumla ni 480, na Trondheim bado kilomita 20. Atasimama mara ya pili, au atangoja zaidi mara ya kwanza. Kupanda mlima wenyewe, kwa gari la kilo 2,000, huhitaji kama kilowati-saa 5 na nusu. Sehemu hurudi wakati wa kuteremka, lakini si zote.

Sasa turudi kwenye neno. "Umbali" halifai. Umbali uko kati ya mahali na mahali, hata asipokuwapo msafiri. Ule wa Oslo na Trondheim haubadiliki kwa theluji. "Masafa" lina wapenzi wengi, nasi hatulichukii, ila limekwisha kubebeshwa mizigo miwili: mbio za masafa marefu kwa upande mmoja, na masafa ya redio kwa upande wa pili. Neno lenye rutuba kwa maoni yetu ni "mwendo". Wazee waliposema kwamba mji fulani ni mwendo wa siku tatu, waliipima njia kwa nguvu za mwendaji. Akiwa na mzigo au njia ikiwa na matope, umbali ule ule uliweza kuwa mwendo wa siku nne. Basi twapendekeza "upeo wa mwendo", kwa maana ya kilomita ambazo gari laweza kwenda kwa betri iliyojaa. Neno hili lisisimame peke yake katika hati yoyote. Liwe "upeo uliopimwa" panapotajwa tarakimu ya maabara, pamoja na jina la kipimo. "Upeo wa njiani" panapokusudiwa safari yenyewe, pamoja na kasi na hali ya hewa. Na "upeo kati ya vituo" kwa zile kilomita 210 za mfano wetu, ambazo ndizo zinazompasa afisa wa usafirishaji kuliko zote.

Jambo moja la pembeni, maana tumeliona katika tafsiri nyingi: "kilowati kwa saa" ni kosa. "Kwa" huashiria kugawanya, kama katika kilomita kwa saa, ilhali hapa kilowati huzidishwa kwa saa. Iandikwe "kilowati-saa". Mtumiaji wa LUKU Tanzania anaifahamu vizuri kwa jina la yuniti, na hatuoni ubaya waraka wa watu wote ukisema yuniti.

Sentensi ya mfasiri wetu, kwa hiyo, tumeiandika upya hivi: "Upeo wa mwendo uliopimwa kwa kipimo cha WLTP ni kilomita 470, upeo wa njiani kwenye barabara kuu ni mdogo zaidi, na mwuzaji autaje kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa." Imerefuka, na nusu yake ya pili haimo katika waraka wa asili. Tumemshauri mfasiri aiweke nusu hiyo katika tanbihi, kwa jina lake mwenyewe.