Msusi hana hati ya mshahara: Hesabu ya corona Kenyatta Market

Kama hujawahi kusukwa Kenyatta Market, basi angalau umewahi kupita hapo ukavutwa mkono. "Kastoma, tusuke?" "Auntie, njoo tuongee bei." Kabla hujajibu, mmoja ameshakuonyesha picha kwa simu na mwingine anapima nywele zako kwa vidole kama mtu anayenunua kitambaa. Ukikubali kuketi, hukai na msusi mmoja. Watatu au wanne wanakuzingira, kila mmoja na upande wake wa kichwa, ndio utoke mapema. Kasi hiyo ndiyo iliyolipa soko hili jina, pamoja na nyama choma.

Sasa chukua kazi hiyo uirudishe Machi 2020.

Tarehe 13 mwezi huo, Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini. Amri zikafuatana: osha mikono, vaa barakoa, kaa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako. Nionyeshe msusi mwenye mikono ya mita moja na nusu. Kazi yake ni kupumulia kisogoni mwa mtu asiyemjua kwa saa kadhaa, na wenzake watatu wakipumulia hapo hapo.

Na kumbuka soko lenyewe liko wapi. Liko Golf Course, jirani na Ngumo. Ukitembea kidogo upande mmoja, uko Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Upande mwingine, kando ya Mbagathi Way, kuna Hospitali ya Mbagathi, ambako serikali ilitenga kituo cha kuwatibu wagonjwa wa corona. Wagonjwa wa kwanza, wale taifa zima lilikuwa likiwafuatilia kwenye runinga, walikuwa wamelazwa hapo. Kwa hivyo hapa corona haikuwa habari ya Wuhan. Ambulensi zilikuwa zinapita barabara ile ile unayoshukia matatu.

Lakini nitakuambia kitu: ukisikia watu wa sokoni wakiongea kuhusu mwaka ule, wengi hawaanzi na ugonjwa. Wanaanza na saa.

Kafyu ya kwanza ilianza Machi 27, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mtu wa ofisi, hiyo ilikuwa kubeba kompyuta ufanyie kazi nyumbani. Kwa msusi, piga hesabu hivi. Tuseme mtindo mmoja unachukua saa nne. Kastoma mzuri, mwenye pesa, ni yule anayetoka kazini saa kumi na moja jioni. Huyo kafyu imemfuta. Amebaki wa mchana, na yeye lazima amalizwe haraka, kwa sababu msusi pia anataka kufika kwake kabla polisi hawajaanza kushika watu. Matatu ya abiria 14 imeamriwa kubeba wanane, nauli imepanda, na stejini kuna umati. Siku iliyokuwa na vichwa vitatu inabaki na kimoja, na pesa za hicho kimoja zinagawanywa kwa jozi nne za mikono. Kodi ya kibanda haijagawanywa na mtu.

Kisha Aprili 6 Nairobi ikafungwa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, hadi Julai. Harusi zikaahirishwa, mahafali yakaahirishwa, kanisa likahamia YouTube. Mtu anasukia nywele wapi kama hana pa kwenda?

Hapo karibu, Kibera, kulizuka mtindo ambao picha zake zilizunguka dunia nzima Mei 2020. Misokoto imesimama kichwani kama miiba ya kile kirusi. Wazungu waliuona kama kichekesho cha Afrika, sisi tukaurusha kwa makundi ya WhatsApp. Lakini angalia bei: Sh50, wakati kusukwa kwa kawaida kulikuwa kati ya Sh300 na Sh500. Mtindo huo haukuhitaji nywele za kununua dukani, nywele za mtoto mwenyewe zilitosha. Ukitaka kujua uchumi wa mtaa ulikuwa umefika wapi, hiyo Sh50 inakuambia kila kitu.

Serikali haikunyamaza, tuseme ukweli. Aprili 2020 ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, na anayepata mshahara wa Sh24,000 kushuka chini akaondolewa kodi ya mapato. Safi sana. Sasa nenda kamwambie msusi, au kijana anayegeuza mbavu kwenye makaa, kwamba kodi ya mshahara wake imeondolewa. Mshahara gani? Hana hati ya mshahara, hana mwajiri wa kumkata hiyo kodi. Punguzo lililomfikia mkononi ni kutuma pesa chini ya Sh1,000 kwa M-Pesa bila malipo. Kulikuwa pia na mpango wa kutumia pesa familia maskini za mitaa ya mabanda, lakini Human Rights Watch ilipochunguza, ripoti yake ya 2021 ilisema sehemu ndogo tu ya waliohitaji Nairobi ndiyo iliyopata. Aprili 10, watu walikuwa wamekanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada.

Takwimu za KNBS zinaonyesha walio na ajira nchini walishuka kutoka milioni 18.1 mwaka 2019 hadi milioni 17.4 mwaka uliofuata. Lakini msusi anayekuja kila asubuhi na kurudi bila kastoma, huyo utamhesabu wapi? Hajafutwa kazi. Kazi ndiyo haijaja.

Upande wa nyama nao walichapwa kivyao. Hoteli zilifungwa, zikafunguliwa, pombe ikapigwa marufuku mahali pa kula Julai 2020, na waliokuwa wanakuja kushinda mezani wakapotea. Machi 2021 Nairobi ikafungwa tena pamoja na kaunti nyingine nne, mikahawa ikaambiwa iuze chakula cha kubeba tu. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Pasaka! Kilo ya mbuzi ndani ya karatasi ya plastiki, uile kwa kitanda chako. Mazee, hiyo si nyama choma. Hiyo ni mboga.

Mwezi huo huo chanjo zilikuwa zimewasili, zaidi ya dozi milioni moja. Machi 5 zoezi lilizinduliwa Hospitali ya Kenyatta, na Dkt Patrick Amoth wa Wizara ya Afya akawa wa kwanza kudungwa. Wahudumu wa afya, walimu, polisi na waliofikisha miaka 58 wakawekwa mbele. Sipingi orodha hiyo. Nasema tu kwamba sindano ya kwanza ilidungwa mwendo wa miguu kutoka sokoni, na mtu anayeshinda akivuta pumzi za kastoma akaambiwa angoje.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Kufikia sasa Kenya imerekodi vifo zaidi ya 5,600 vya corona. Wateja walirudi, bei za nywele zikapanda, na ukienda Jumamosi utavutwa mkono kama zamani.

Kitu kimoja kimebadilika. Tangu Oktoba 2024 NHIF imeenda na SHA imekuja, na serikali sasa inamjua msusi vizuri kabisa. Wa hati ya mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Msusi anaulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi, mashine inakadiria kipato chake, kisha anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 zitoke mara moja. Ukimkuta mwezi ambao vichwa ni vichache, muulize atazitoa wapi. Usimuulize akiwa ameshika nywele zako, lakini.