Askari wa Keya na Sikio Lisilo na Ndewe

Kichwa chake hakizidi ukubwa wa zambarau. Nilikitoa katika mfuko wake hapa Leeds, nikakisimamisha juu ya meza ya jikoni, na kabla sijalisoma tena boksi moyo ukaniambia kuna jambo haliko sawa. Ilinichukua siku mbili kulitambua. Namba ya kofia haikuwa yake, na masikio yalikuwa ya mtu mwingine.

Ninyi wa Kitengela mnaopokea picha zangu mmeuliza sana hivi vitu ni nini. Ni sanamu ndogo za kichwa na kifua, nyingi zikiwa za wanajeshi, zinazouzwa vipande vipande ili mnunuzi aziunge na kuzipaka rangi mwenyewe. Mchongaji hutengeneza sanamu ya kwanza kwa mkono, au siku hizi kwa kompyuta. Sanamu hiyo huzungushiwa silikoni, ambayo ikikauka inakuwa kalibu laini inayoshika hata mkunjo wa kope. Ndani ya kalibu humiminwa rezini, maji mawili yanayochanganywa na kugeuka gumu kama pembe kwa dakika chache. Kalibu ya silikoni huchoka. Baada ya kumiminiwa mara kadhaa huanza kuchanika kwenye kona, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua sanamu ileile, mmoja akapata pua safi na mwingine akapata pua yenye kinundu.

Yangu ni ya kipimo cha 1/10. Kichwa cha mtu mzima kina urefu wa sentimita 23 hivi, kwa hiyo hapa ni sentimita mbili na kidogo. Kazi hii ilienezwa sana na watu kama François Verlinden wa Ubelgiji, na leo wachongaji wa Korea Kusini ni miongoni mwa wanaosifiwa zaidi. Ukipitia orodha za wauzaji utakutana na marubani wa Kijerumani, makomando wa Kiingereza na wapanda farasi wa Napoleon hadi macho yachoke. Mwafrika ni wa kutafutwa. Nilipoona boksi lililoandikwa kwamba ndani mna askari wa Keya, Mnandi, batalioni ya tatu, mwaka 1914, sikuuliza bei mara mbili.

Keya ni jina walilolitoa babu zetu kwenye herufi za King's African Rifles. Jeshi hilo liliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi ambavyo Waingereza walikuwa navyo Afrika ya Kati, Afrika Mashariki, Uganda na Somaliland. Batalioni ya tatu ndiyo iliyotokana na kikosi cha nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Keya nzima ilikuwa na batalioni tatu tu. Vilipokwisha zilikuwa 22. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna maelfu ya vijana waliotolewa kwenye malisho na mashamba, wakapewa bunduki, na kufundishwa amri katika Kiswahili chenye maneno ya Kituruki yaliyopitia kwa askari wa Kisudani. Neno afande tunalomwita polisi barabarani lilifika kwetu kwa njia hiyo ya kambi.

Mimi ni mtu wa Mashuuru. Kwetu ni katikati ya reli mbili. Mashariki kuna ile ya kutoka Mombasa inayopita Emali na Sultan Hamud, na magharibi kuna tawi la Magadi linaloachana nayo Konza na kupita mjini Kajiado. Katika vita hivyo nchi yetu ilikuwa mpakani kabisa. Doria ndogo za Wajerumani zilivuka usiku kwenda kulipua reli ya Mombasa, na barabara inayotoka Kajiado kwenda Bissil na Namanga ilikuwa njia ya jeshi. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza walipanda kutoka Namanga kuushambulia mlima Longido, wakapigana mchana kutwa, maji yakawaishia, wakarudi walikotoka. Nasema jambo hili kwa uangalifu kwa sababu tunapenda kulibadilisha: waliopanda Longido siku ile walikuwa hasa askari wa Kihindi na walowezi waliopanda farasi. Keya ilikuja kubeba uzito wa vita baadaye, baada ya 1916, Wajerumani walipokuwa wanafukuzwa kusini hadi Msumbiji. Na sisi Wamaasai tuliingia Keya kwa uchache. Mwaka 1918 serikali ilipojaribu kuwachukua morani kwa nguvu, upande wa Narok damu ilimwagika.

Kwa hiyo askari huyu hakuwa wa ukoo wangu. Nilimnunua kama jirani.

Turudi kwenye kofia. Askari wa Keya wa enzi hizo alivaa kofia ya khaki iliyosimama wima kama kopo, yenye kitambaa cha kufunika kisogo dhidi ya jua. Kwa mbele ilikaa namba ya batalioni, na iliandikwa kwa tarakimu ya Kiarabu. Aliyepita chuo cha Kurani anajua kwamba ٢ ina bonde moja kichwani na ٣ ina mawili. Kwenye sanamu yangu bonde ni moja. Boksi linasema batalioni ya tatu, kofia inasema ya pili, na mwaka ni 1914. Batalioni ya pili ilikuwa imevunjwa mwaka 1911 na haikufufuliwa hadi 1916. Mchongaji alimvisha mtu huyu namba ya kikosi kisichokuwapo.

Mwenye haraka atasema ni milimita tatu za rezini. Lakini kofia ile ndiyo iliyokuwa hati yake. Askari wengi hawakujua kusoma, na namba ile ndiyo iliyomwambia mpishi ampakulie kutoka chungu kipi, na ikamwambia mzikaji ampange na nani. Niliikwangua kwa ncha ya wembe hadi kofia ikawa laini, nikakata ٣ mpya kutoka kwenye bati jembamba la mfuniko wa kikopo cha mtindi, nikaibandika kwa tone la gundi lililochukuliwa na ncha ya sindano.

Katika kuunga sanamu yenyewe hakuna siri kubwa, ila uvumilivu. Vipande vyote huoshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu ndani ya kalibu hupakwa mafuta ili rezini isigande nayo, na mafuta hayo yakibaki rangi itabanduka. Vishina ambavyo rezini iliingilia hukatwa kwa msumeno mwembamba. Usivinyonge kwa koleo, rezini huvunjika ghafla na kuondoka na kipande cha shingo. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo mimi husugua kwa msasa uliolowa maji, na barakoa usoni. Halafu tafuta viputo. Shika kipande kwenye mwanga wa dirisha, ukigeuze polepole, utaona vishimo kama vya sindano chini ya kidevu na nyuma ya masikio, mahali ambapo hewa ilinaswa. Kichwa kiunganishwe na shingo kwa kipande cha waya kilichopenyezwa pande zote mbili, kwani gundi pekee haihimili kuanguka.

Kwa ufundi huo wa kumimina, sanamu yangu ni nzuri. Nimeona za bei kubwa zaidi zikiwa na maungio mabaya kuliko haya. Mkanda wa risasi umechongwa hadi mishono yake inahesabika, sweta ina nyuzi, na mikunjo ya kitambaa cha kisogoni inaangukia pale ambapo kitambaa kingeangukia. Mtu aliyefanya kazi hiyo aliitazama nguo kwa makini sana. Mwenye nguo hakumtazama hivyo. Midomo na pua amejitahidi, lakini mfupa wa paji na wa shavu ni wa kichwa kilichokwisha kutumika kwa askari wa Ulaya, kikaongezwa nyama kidogo.

Ndipo nikatuma picha Mashuuru. Binamu yangu alimshikia baba mkubwa simu, naye akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu amelelewa wapi?" aliuliza.

"Boksi linasema ni Mnandi, baba mkubwa."

"Na ndewe yake iko wapi? Sikio halijatobolewa."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeiangalia sura hiyo siku mbili, na mzee aliliona kosa lake kwenye kioo cha simu kilichopasuka. Wanandi na Wakipsigis wa kizazi hicho, sawa na Wamaasai, walitoboa masikio na kuipanua ndewe hadi ikaning'inia. Mtu akiingia kazini aliikunja na kuiinua juu ya sikio, ikae kama kitanzi. Baba mkubwa mwenyewe alifanya hivyo akichunga, ili miiba ya mti wa oltepesi isimkamate. Kijana Mnandi aliyevaa kofia ya Keya mwaka 1914 aliingia kambini na masikio yake. Kiswahili kina usemi kwa mtu asiyesikia la mtu: hana ndewe wala sikio. Huyu alipewa sikio, ndewe akanyimwa.

Nilitumia udongo wa sehemu mbili, ule unaokandwa pamoja na kuwa mgumu baada ya saa chache. Ndewe iliyopanuliwa, ikikunjuliwa, inaweza kufika sentimita kumi, kwa hiyo kwa kipimo chetu ni uzi wa sentimita moja. Niliuviringisha juu ya kioo kwa kidole kilicholoweshwa hadi ukawa mwembamba kama njiti ya kiberiti iliyopasuliwa mara nne. Wa kwanza ulikatika. Kwa wa pili nilikata kwanza ndewe ya rezini, nikashikiza ncha moja mbele, nikaupandisha juu ya sikio, nikaikandamiza ncha ya pili nyuma kwa sindano yenye maji. Uso ulibadilika papo hapo. Sikugusa pua wala shavu, lakini alikuwa na kwao.

Kuhusu rangi, hapa ndipo sanamu nyingi za Waafrika zinapoharibiwa, hata na mafundi wenye vikombe vya ushindi. Maelekezo ya kawaida husema paka kahawia, weka nyeusi kwenye vivuli, ongeza nyeupe panapong'aa. Fanya hivyo na utapata mtu aliyepauka, kama aliyeamka Julai bila kupaka mafuta. Ngozi nyeusi haing'ai kwa weupe. Chukua mkono wako mwenyewe usimame nao dirishani: kwenye kifundo utaona rangi ya chungwa, chini ya kiwiko utaona zambarau, na juu kabisa, panapopokea anga, kuna ubuluu mwembamba. Mimi huanza na kahawia yenye wekundu, kivuli nakipata kwa buluu ya usiku na zambarau, na pa kung'aa natumia manjano ya udongo yenye wekundu kidogo, rangi iliyo karibu na olkaria, udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka. Nilipaka tabaka nyembamba zaidi ya 20 kwenye paji peke yake, kila moja ikiwa na maji mengi kuliko rangi. Weupe wa macho sikuupaka nyeupe. Mtu wa vumbi na moshi wa kambi ana macho ya rangi ya pembe, mekundu kwenye kona.

Kwa hiyo nikiulizwa sanamu hii ina thamani gani, nasema: umiminaji mzuri, nguo nzuri sana, historia ya kofia mbovu, sura nusu. Ningewashauri mnunue, mkiwa na sindano na subira.

Lipo jambo moja ambalo sanamu inayoishia kifuani haiwezi kulionyesha, nalo ni miguu. Askari wengi wa Keya katika vita vile walitembea pekupeku au kwa ndara, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji na kuvuka Ruvuma. Na nyuma ya kila askari walitembea wabebaji. Hao waliitwa Carrier Corps, na jina lao limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, masokoni, ambako watu hununua vikapu na viatu bila kuwakumbuka. Mwanahistoria Geoffrey Hodges alikadiria kwamba wabebaji waliokufa upande wa Waingereza walizidi 100,000, wengi wao kwa magonjwa. Majina ya wengi wao hayakuchongwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba za James Alexander Stevenson, yuleyule aliyechonga askari wa Dar es Salaam wa mwaka 1927. Mmoja wa watatu hao ni mbebaji. Nimepita chini yake mara nyingi nikiwa kijana, nikikimbilia matatu ya Kitengela, na sikumbuki kama niliwahi kuinua macho.

Mbebaji wa rezini sijampata kwa muuzaji yeyote. Basi nimeanza kumtengeneza. Nimechukua kichwa kilichobaki kutoka kwenye sanamu nyingine, nimekikwangua kofia na nywele, nimemjengea paji na mashavu upya, na ndewe zake ziko tayari. Kata ya kichwani nimeisokota kwa uzi wa katani uliochovywa gundi, na juu yake litakaa sanduku la risasi, mzigo wa kilo 25 hivi. Shingo ndiyo bado. Shingo ya rezini imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha, na mtu aliyebeba kilo 25 tangu alfajiri hasimami hivyo: mishipa inatoka pembeni, koo linasogea mbele, mabega yanapanda kulipokea sanduku. Jumamosi binamu yangu atampiga picha mama mmoja wa Mashuuru akitoka kisimani na mtungi kichwani, kwa ruhusa yake, kutoka pande nne, na nitaanza upya kutoka hapo.