Bure Peke Yake Haitoshi

Kati ya mwaka 1989 na 1991 surua iliirudia Marekani kwa kishindo. Waliougua walizidi 55,000 na waliokufa walizidi 120. Katika miji mikubwa, watoto wadogo Weusi na Walatino waliugua mara kadhaa zaidi ya wenzao Wazungu.

Ilikuwa rahisi kuwalaumu wazazi, lakini lawama hiyo haikuwa ya haki. Mama asiye na bima alimpeleka mwanawe kwa daktari kwa sababu ya homa. Mtoto akapimwa, akaandikiwa dawa. Chanjo ilipotajwa, mama akaelekezwa kliniki ya serikali, kwa kuwa hapo asingeweza kuilipia. Huko kuna foleni, naye ana zamu kazini. Mtoto akarudi nyumbani bila kuchanjwa.

Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya kuziba mwanya huo, na mpango ukaanza kazi Oktoba 1994. Serikali hununua chanjo na kumpatia daktari yule yule, naye humchanja papo hapo mtoto asiye na bima au anayetegemea bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Katika muda wa miaka kumi hivi, pengo la rangi katika chanjo ya surua lilikuwa karibu limekwisha.

Hata hivyo, mwaka 2004 watafiti walionyesha jambo jingine. Watoto waliokosa baadhi ya dozi mara nyingi walikuwa Weusi wa familia maskini. Waliokosa chanjo zote walielekea kuwa Wazungu, wazazi wao wakiwa wasomi wenye kipato kizuri. Wazazi hao fedha walikuwa nazo, ila hawakuiamini sindano.

Wasiwasi huo haukuishia kwa matajiri. Wasomali wa jimbo la Minnesota walikuwa wakichanja watoto kwa zaidi ya asilimia 90, mpaka uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji ulipowafikia. Andrew Wakefield, mwenezaji wa dai hilo aliyefutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka 2010, alikwenda kuzungumza nao. Miaka michache baadaye waliochanjwa hawakufika nusu, ingawa chanjo ilikuwepo.

Mwaka 2017 surua ikaingia. Maimamu na wahudumu wa afya wanaozungumza Kisomali wakaenda misikitini na majumbani kuwasikiliza wazazi, na wengi wakarudi kuchanja. Waliougua walikuwa 75, karibu wote hawajachanjwa. Hakuna aliyekufa.