Mchanga, Mpira na Misuli ya Kiwiliwili

Misuli ya tumbo, mgongo wa chini na nyonga haipo kwa ajili ya kukunja mwili tu. Kazi yake kubwa ni kuuzuia kiwiliwili kisiyumbe wakati mikono na miguu inapofanya kazi. Mwaka 1996 watafiti wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walionyesha kwamba mtu akiinua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo hukaza kabla mkono haujasogea. Kwa wenye maumivu ya mgongo, msuli huo ulichelewa. Wengi wakaona basi mazoezi yafanyiwe mahali panapoyumba, misuli hiyo ilazimike kuamka.

Kifaa kinachojulikana zaidi ni mpira mkubwa wa kupuliza, uliobuniwa mwaka 1963 na Mwitaliano Aquilino Cosani. Matabibu wa viungo wa Uswisi waliutumia kwa wagonjwa miaka mingi kabla ya jimu za Marekani kuuchukua.

Machakos, nchini Kenya, ina uwanja unaoyumba usionunuliwa: mchanga wa mito ya msimu. Maji yakikauka juu, watu huchimba visima humo mtoni, kisha hupanda ukingo na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa kwenye paji la uso. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Norman Heglund na wenzao walipima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu wanaobeba mizigo. Wakagundua kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati. Lakini mtungi uliojaa una kilo 20, na kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni theluthi nzima. Isitoshe, vipimo hivyo havikufanyiwa mchangani. Heglund huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba kutembea mchangani hutumia nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye ardhi ngumu, na kukimbia mara 1.6. Mchanga unaosombwa na malori kwenda kujenga Nairobi ungewafaa pia wanariadha.

Je, kuyumba kunajenga nguvu? Jibu lina pande mbili. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2000 ulipima zoezi la kujikunja tumbo. Kwenye benchi imara, msuli wa mbele wa tumbo ulifanya kazi kwa takriban asilimia 21 ya uwezo wake. Kiwiliwili kikiwa juu ya mpira, asilimia 35. Upande wa pili, David Behm na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba anayenyoosha goti akiwa ameketi juu ya mpira hutoa nguvu pungufu kwa takriban asilimia 70. Misuli inashughulika, ila sehemu kubwa ya juhudi huishia katika kuzuia kuanguka, na mguu haupati mzigo wa kutosha kuujenga. Anayetaka mapaja mazito ainue vyuma akiwa amesimama sakafuni; kuchuchumaa na chuma begani juu ya mpira ni sarakasi zaidi kuliko mazoezi.

Mahali panapoyumba panafaa zaidi kwa anayerejea baada ya kuteguka kifundo cha mguu, kwa mwenye mgongo unaouma akiwa chini ya uangalizi, na kama nyongeza kwa mwanariadha. Mwanzo ni sakafuni: kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka. Hilo likishika barabara, viwiko huwekwa juu ya mpira. Asiye na mpira husimama kwa mguu mmoja, macho wazi kwanza, kisha yakiwa yamefumbwa. Mzee, au mwenye mifupa dhaifu, ashike ukuta.

Mchangani hatua huanza fupi na polepole, kwa dakika chache, kwa kuwa kisigino huzama na kano ya nyuma yake huvutwa kuliko ilivyozoea. Pembeni, penye unyevu, mchanga huwa umeshikana. Ndipo pa kuanzia kabla ya kuingia katikati ya mto.