Si Kila Unene ni Kunawiri

Uso wa mama umejaa na kuviringana, nyuma ya shingo pameota nundu ya mafuta, tumbo limetokeza. Majirani wamwambia amenawiri, Mashallah. Lakini mikono na miguu inakonda, kuinuka mkekani baada ya swala kwahitaji kushika ukuta, ngozi yavilia damu kwa kugongwa kidogo, na tumboni pamechorwa michirizi mipana ya zambarau. Shinikizo la damu na kisukari navyo vimebisha hodi.

Huenda mwilini mwake mmezidi kotisoli, homoni itokayo katika tezi mbili zilizokaa juu ya mafigo. Maradhi haya yalipewa jina la Harvey Cushing, tabibu wa Marekani aliyemweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1912.

Swali la kwanza la daktari halihusu maabara: watumia dawa gani? Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni dawa za steroidi: prednisoloni ya pumu au viungo, vidonge vya kunenepesha, na krimu za kujichubua zenye klobetasoli. Wengi huzificha kwa haya, na daktari akapotea njia. Wala zisikatizwe ghafla: tezi zilizolala haziamki kwa siku moja, na mgonjwa aweza kufa.

Ikiwa hakuna dawa, huthibitishwa kwanza kuwa kotisoli imezidi. Mkojo hukusanywa saa 24. Mate hupimwa usiku wa manane, wakati homoni hii kwa mwenye afya huwa imeshuka. Au humezwa miligramu 1 ya deksamethasoni usiku, na damu ikatolewa asubuhi. Kipimo kimoja hakitoshi.

Ndipo hutafutwa chanzo. Hupimwa ACTH, homoni ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, inayoziamrisha tezi za juu ya figo. Ikiwa imeshuka mno, kosa li katika tezi hizo, na picha hupigwa huko. Isiposhuka, amri yatoka pituitari, kama ilivyo kwa wengi, au katika uvimbe uliojificha kwingine, pengine mapafuni. Hapa pana mtego: uvimbe wa pituitari huweza kuwa mdogo hata MRI isiuone, na wapo wazima wenye vivimbe visivyodhuru. Picha peke yake basi yaweza kudanganya. Mpira mwembamba hupitishwa kutoka kinenani hadi kwenye mishipa itoayo damu pituitari, na damu hiyo ikalinganishwa na ya mkono. ACTH ikizidi sana huko juu, mpasuaji huingia kwa njia ya pua akijua anachokitafuta.