Damu inasema nini mgonjwa wa mafua makali anapolazwa

Mzazi wa Ubaruku akiona mtoto anachemka na kukohoa, kinachomjia kwanza ni malaria. Kwenye mashamba ya mpunga mbu hawakosekani, hivyo kipimo cha malaria lazima kifanyike. Lakini watafiti walipowapima watoto 1,005 wenye homa, wa chini ya miaka 10, huko Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, malaria ilikutwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya kumi. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na virusi vya influenza vilikuwamo.

Influenza si yale mafua ya kupenga kamasi siku mbili. Hata hivyo, wengi hupona nyumbani. Wanaozidiwa zaidi ni watoto wa chini ya miaka miwili, wajawazito, wazee, na wenye pumu, kisukari, selimundu au VVU visivyodhibitiwa. Hao ndio wanaofikishwa Rujewa au Chimala wakihema, na hapo daktari huandika vipimo vya damu. Ndugu huuliza: damu ya nini tena, na malaria hana?

Damu hiyo haitafuti kirusi. Kirusi hutafutwa kwa kijiti cha pamba kinachopitishwa puani. Damu inaonyesha mwili unavyohimili ugonjwa. Katika picha kamili ya damu, ile FBP, chembe nyeupe zipo za aina kadhaa. Limfosaiti hupambana na virusi, na influenza kali huzishusha. Nyutrofili hupanda, hasa bakteria nao wakivamia mapafu. Kwa mtu mzima, daktari hugawanya idadi ya nyutrofili kwa ile ya limfosaiti. Jibu likiwa kubwa, na likizidi kupanda kesho yake, hatari ya kuhitaji oksijeni au kufariki huongezeka. Kwa watoto wadogo hesabu hii isomwe kwa tahadhari, maana kwa kawaida limfosaiti zao ni nyingi. Chembe sahani zikishuka au kreatinini ya figo ikipanda, mgonjwa huyo si wa kuruhusiwa mapema.

Kuna pia CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapopata uvimbe wa ndani au maambukizi. Ikiwa juu sana, daktari hushuku bakteria. Ikiwa chini, na mtoto anapumua vizuri, antibayotiki mara nyingi hazina kazi. Hili limejaribiwa hapa hapa kwetu: kati ya 2021 na 2022, vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro vilishiriki utafiti ambapo nusu yake vilipewa mwongozo wa kwenye tableti, kipimo cha CRP na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Kwenye vituo hivyo watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23, kwingine asilimia 70. Ilipofika siku ya saba, ambao hawakuwa wamepona walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Kwa hiyo daktari akikwambia mwanao hahitaji antibiotiki, usipitie duka la dawa kununua.

Namba moja peke yake haitabiri kifo wala uzima, na hakuna namba ya kusubiriwa pumzi ikiwa imebadilika. Hesabu pumzi za mtoto ametulia, kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke. Kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, ni usiku huo huo. Aliyepata nafuu kisha homa ikamrudia naye arudi, kwani nimonia ya bakteria hupenda kuja hivyo. Aspirini asipewe mtoto.

Mkipewa rufaa ya kwenda Mbeya, ondokeni na majibu ya damu ya kwanza yenye tarehe na saa. Daktari wa huko atayalinganisha na yake.