Gemu ya Kwanza ya Nyumbani Haikujua Kuhesabu Magoli

Mashine ya kwanza ya gemu za video kuuzwa kwa ajili ya nyumbani haikutoa sauti, haikuwa na rangi, wala haikuwa na kompyuta ndani yake. Lakini ukifungua boksi lake ulikuta dadu, karata na pesa za bandia. Iliitwa Odyssey, na iliingia madukani Marekani mwaka 1972. Waliotengeneza ni Magnavox, kampuni iliyokuwa na jina kwa redio na runinga.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Magnavox. Ralph Baer, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani akakimbilia Marekani na familia yake mwaka 1938, alikuwa mhandisi wa Sanders Associates, kampuni ya vifaa vya kijeshi katika jimbo la New Hampshire. Mwaka 1966, akimsubiri mwenzake kwenye kituo cha mabasi jijini New York, alianza kuandika alichokuwa akikiwaza: mamilioni ya runinga zimejaa majumbani, na watu hawana la kuzifanyia ila kuzikodolea macho. Kwa nini zisichezewe? Yeye na wenzake wawili, Bill Harrison na Bill Rusch, wakaunda mashine za majaribio moja baada ya nyingine. Ya mwisho waliibandika karatasi yenye sura ya mbao, ndiyo maana ikaitwa Brown Box.

Sanders haikuwa na biashara ya vitu vya kuchezea, kwa hiyo Baer aliwaendea watengenezaji wa runinga. RCA nusura wasaini. Magnavox ndio waliokubali, mwaka 1971.

Mashine ilijua kuonyesha nukta tatu nyeupe na mstari mmoja wa wima, basi. Nukta mbili ni wachezaji, ya tatu ni mpira. Kila mchezaji alipewa kisanduku chenye vifundo vya kuzungusha: kimoja cha kupeleka nukta juu na chini, kingine kushoto na kulia, na cha tatu cha kuupinda mpira ukiwa njiani. Kubadilisha mchezo ulichomeka kadi. Kadi hizo hazikuhifadhi programu yoyote. Ziliunganisha tu nyaya za ndani kwa namna tofauti, na mashine yote ilikwenda kwa transista na daiodi zipatazo arobaini kwa kila aina.

Mandhari ya mchezo yalikuwa kazi ya plastiki. Ulichukua karatasi angavu iliyochorwa, ukaibandika kwenye kioo cha runinga, ikashika yenyewe kwa umeme tuli. Kwenye mchezo wa kuteleza juu ya theluji, karatasi ilionyesha njia inayopindapinda mlimani, nawe unaifuata kwa nukta yako. Ukitoka nje ya njia, mashine haikuwa na habari. Aliyekuona ni mwenzako aliyekaa pembeni, na mkibishana, mnamalizana wenyewe. Magoli pia mliandika kwa mkono.

Kulikuwa na bunduki iliyouzwa kando, ya kulenga nukta kwenye kioo. Ilichokitambua ni mwanga tu, kwa hiyo mtundu aliielekeza kwenye taa ya sebuleni na kuhesabiwa shabaha kila mara!

Bei ilikuwa karibu dola 100, ghali kuliko Baer alivyotaka. Tena Magnavox waliiuza kupitia maduka ya mawakala wao wa runinga, na wateja wengi wakaondoka na imani kwamba haifanyi kazi ila kwenye runinga ya Magnavox. Haikuwa kweli. Kwa jicho langu, kampuni iliiona kama pambo la kuuzia runinga. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1975, ziliuzwa takriban 350,000.

Aliyeona mbali alikuwa mgeni. Mei 1972, Magnavox walipoionyesha Burlingame, California, Nolan Bushnell alifika, akaicheza tenisi yake, na akaandika jina lake kwenye kitabu cha wageni. Mwezi uliofuata alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya gemu ya Atari, na kabla mwaka haujaisha wakatoa Pong: tenisi hiyohiyo, safari hii yenye sauti na yenye kuhesabu alama. Baa na kumbi za burudani zikafurika watu.

Magnavox na Sanders walikuwa na hataza za Baer. Mwaka 1974 wakaishtaki Atari pamoja na wengine, na saini ya Bushnell kwenye kile kitabu ikawa sehemu ya ushahidi. Atari wakakubali mwaka 1976 kulipia leseni. Kampuni nyingine zilifuata, moja baada ya nyingine, na inakadiriwa fedha zilizopatikana kwa miaka mingi zilizidi dola milioni 100. Odyssey yenyewe isingeingiza kiasi hicho kwa mauzo.

Nintendo nao walijaribu kuzivunja hataza hizo mwaka 1985. Hoja yao ilikuwa kwamba mwanafizikia William Higinbotham alishatengeneza mchezo wa tenisi mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven. Ni kweli alitengeneza. Lakini alitumia osiloskopu, kioo cha kupimia umeme, na mchezo wake haukutumia mawimbi ya runinga. Nintendo wakashindwa.